Anza na sufuria ya maharage: kupunguza mkaa Kigoma na Tabora bila kuumizwa na LUKU

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Tangu hapo ubishi haujaisha: gesi au umeme, ruzuku iende wapi, mkaa upigwe marufuku au uboreshwe. Mama anayepika Ujiji, Kigoma, au Isevya, Tabora, ana swali dogo kuliko hayo, nalo lina jibu: kati ya sufuria zangu zote, ipi niitoe kwenye mkaa kwanza?

Toa ile inayochemka muda mrefu. Maharage, makande, kisamvu kilichopondwa, utumbo, nyama ya ng'ombe mzee. Ugali usubiri. Wengi hufanya kinyume: wananunua mtungi wa gesi, wanaupikia kila kitu, na wiki tatu baadaye mtungi uko mtupu na jiko la mkaa limerudi mlangoni. Mtungi haukuwa na kosa. Umeliwa na maharage.

Kwa nini maharage

Maji hayachemki nyuzi 100 kila mahali. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, hupungua karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama mita 775, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 na ushee. Tabora, karibu mita 1,200, ni nyuzi 96. Ukishafika hapo, kuongeza mkaa hakuongezi joto la maji hata kidogo. Unaongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima yanaweza kukuchosha saa tatu huku moto unawaka vizuri.

Jiko la presha la umeme, ambalo wengi huliita presha kuka, hufunga mvuke ndani na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 110 au 115. Tofauti ya nyuzi 15 hivi inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kasi ya kuiva kwa maharage huongezeka zaidi ya mara mbili. Pili, sufuria yake imezungukwa na gamba, joto halipotei ovyo, na likishafikia presha hukata umeme lenyewe na kuwasha kidogo kidogo. Kwa hiyo muda mrefu wa kuchemsha, ambao kwenye mkaa ndio ghali, hapa ndio rahisi.

Nusu kilo ya maharage makavu, inayotosha watu sita kwa mlo mmoja, hutumia kati ya uniti 0.35 na 0.5 za umeme kwenye jiko la presha. Ukiyapika kwenye jiko la umeme la kawaida lenye koili, sufuria na mfuniko wake, ni uniti 1.5 hadi 2.5. Hayo ni majiko mawili yasiyofanana hata kidogo, ingawa yote huitwa “jiko la umeme”. Aliyekwambia kwamba kupikia umeme kunafilisi, kwanza muulize alikuwa na jiko gani.

Wiki moja ya kupima

Kabla ya kununua chochote, pima siku saba. Bila hesabu ya jikoni kwako, utakuwa unabishana kwa bei za Dar es Salaam, na mkaa wa Kigoma haununuliwi kwa bei hiyo, wala gesi.

Tafuta mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki, na daftari. Mkaa huuzwa kwa kopo, sado, debe au gunia, na hakuna kopo mbili zenye uzito sawa. Mkaa ulionyeshewa unaweza kuwa mzito na usiwake. Kwa hiyo pima kwa kilo. Asubuhi pima mfuko wote. Kila unapowasha jiko, pima unachotia, na ukimaliza kupika, zima mabaki kwa kuyafunika kwenye chungu au ndoo ya bati yenye mfuniko (usimwagie maji), kisha yapime na kuyatoa kwenye hesabu. Andika chakula, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, gramu zilizoungua. Usiandike “chakula cha mchana” kwa jumla. Andika “maharage” peke yake na “ugali” peke yake, kwa kuwa zoezi zima liko kwenye kuvitenganisha.

Siku ya saba zidisha kilo kwa bei unayonunulia. Nyumba inayopika maharage mara nne kwa wiki kwa kawaida itaona kwamba milo hiyo minne imekula mkaa mwingi kuliko ugali wa siku zote saba.

Na mkaa huo una gharama ambayo haimo kwenye daftari lako. Kwenye tanuru la udongo la kawaida, kilo 1 ya mkaa hutoka kwenye kilo 6 hadi 10 za mti. Misitu ya miombo ya Uyui, Sikonge, Kaliua na Uvinza inabeba mkaa wa mijini na, kwa upande wa Tabora, kuni za mabani ya kukaushia tumbaku pia. Nyumba ikiacha kilo 20 za mkaa kwa mwezi, inaacha angalau kilo 120 za mti zimesimama.

Kuisoma LUKU yako

Hapa ndipo sera mbili zinapogongana, na mpishi yuko katikati.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa majumbani wa matumizi madogo, yaani D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti zote. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo kinachotoka mfukoni ni shilingi 122, 427 au 356.

Kujua uko wapi ni rahisi. Nunua umeme wa shilingi 5,000. Ukipata uniti 41 hivi, uko D1. Ukipata 14, uko T1. Usifanye jaribio hili kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, maana kodi ya jengo hukatwa humo na uniti zitakuja pungufu.

Sasa piga hesabu ya nyumba ya D1. Friji dogo uniti 1 kwa siku, 30 kwa mwezi. Taa, televisheni, simu na pasi mara moja moja, weka 12. Jumla 42. Ongeza maharage mara 17 kwa mwezi kwa uniti 0.45: karibu 8. Wali mara nne kwa wiki kwenye jiko hilohilo, uniti 0.25 kila mara: 4. Lita 2 za maji ya chai kila siku kwenye birika la umeme: 6. Umefika 60, na bado uko chini ya 75. Nyumba hiyohiyo ikihamishia kila kitu kwenye jiko la koili, itakula uniti 3 hadi 4 kwa siku za kupikia tu, yaani 90 hadi 120, na ukomo wa 75 utakuwa umevukwa mapema sana.

Tunasema wazi: ukomo wa uniti 75 uliwekwa ili kumsaidia mtu wa taa na redio. Mkakati wa 2024 unamwomba mtu huyohuyo apikie umeme, huku bei ikimwadhibu akifanya hivyo. Kama serikali inataka vyote viwili, ukomo unapaswa kupandishwa kwa nyumba zinazopikia umeme. Hadi lifanyike, linda uniti zako: jiko la presha ndiyo, jiko la koili hapana. Na kwa kuwa LUKU huhesabu uniti unazonunua ndani ya mwezi, usinunue za akiba tarehe 28 wakati umebakiza uniti tatu kufika 75. Subiri tarehe mosi.

Lakini usiogope kupita kiasi. Hata kwa bei ya juu kabisa ya shilingi 427, maharage ya uniti 0.45 yanagharimu shilingi 192. Kwa bei ya D1 ni shilingi 55. Linganisha na ulichoandika kwenye daftari la mkaa.

Jiko, soketi na waya

Kwa watu watano au sita, chukua jiko la lita 6, wati 1,000. La lita 5, wati 900, linatosha watu wanne. Angalia mambo matatu dukani: sufuria ya ndani ikae bila kuyumba na chini yake kusiwe na kibonyeo, mpira wa mfuniko utoke na kurudi kwa mkono, na muuzaji awe na mpira wa akiba wa aina hiyohiyo. Kama Kigoma nzima hakuna mpira wake, usilinunue hata kama bei ni nzuri.

Wati 1,000 kwenye volti 230 ni kama ampea 4.3. Soketi ya ukutani ya ampea 13 iliyofungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba inabeba bila shida. Matatizo hutoka kwenye ekstensheni nyembamba inayogawana friji, televisheni na jiko. Gusa plagi baada ya dakika 15, ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima hapohapo. Kilinda umeme cha friji cha ampea 5 kiko ukingoni mno kwa jiko hili. Tumia cha ampea 13. Nyumba za zamani ambazo soketi zimeungwa kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 zinahitaji fundi mwenye leseni avute laini mpya ya jikoni.

Kupika

Loweka nusu kilo ya maharage saa nane, kwa mfano kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaga maji hayo, suuza. Weka maharage kwenye sufuria ya ndani na lita moja na nusu ya maji safi, kijiko kimoja cha mafuta (ya mawese yanafaa) ili kupunguza povu. Vyote pamoja visizidi nusu ya sufuria. Vyakula visivyofura vinaweza kufika theluthi mbili. Maharage hapana, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba tundu la mvuke.

Kausha sufuria kwa nje, hasa chini, kabla ya kuiingiza. Tone la maji kati ya sufuria na sahani ya moto ndilo huanza kuliua jiko. Funga mfuniko hadi usikie umekaa, geuza valvu upande wa kufunga, weka dakika 25 kwa maharage yaliyolowekwa au 50 kwa yasiyolowekwa. Ya msimu uliopita yaongezee dakika 10.

Kama una mita ya LUKU karibu, huu ndio wakati wa kuikagua. Zima vingine vyote, soma salio la uniti kabla na baada. Au tazama kitaa chekundu kinachopepesa: kwenye uso wa mita kuna alama imp/kWh na namba mbele yake, mara nyingi 1000 au 1600. Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Utaona kitaa kinakimbia kwa dakika 15 hivi za mwanzo, kisha ghafla kinapoa, kinapepesa mara mojamoja, huku maharage yanaendelea kuiva. Anayeona hivyo mara moja haogopi tena kwamba dakika 50 ni dakika 50 za umeme.

Muda ukiisha, usifungue valvu papo hapo. Subiri dakika 15 presha ishuke yenyewe, pini ya mfuniko ianguke. Ukilazimisha, mchuzi wa moto hutoka kwa valvu pamoja na mvuke na kuunguza mkono. Nyanya, ndimu au ukwaju tia baada ya maharage kulainika, kwani vitu vichachu huzuia ganda lisilainike.

Ugali usiupike humo. Mwiko hukwangua utando wa sufuria, na sufuria yenyewe huzunguka unaposonga. Ugali wa muhogo wa Kigoma, ambao husongwa kwa nguvu, utaharibu jiko ndani ya mwezi.

Kinachoharibika na sababu yake

Mvuke ukitoka pembeni mwa mfuniko na presha haipandi, kwanza vua mpira, uoshe, tazama kama kuna punje ya mchele iliyonasa. Ukiwa umelegea au umepasuka, badilisha. Jiko linalovuja hutumia umeme mwingi zaidi na kukausha maji. Likizima katikati na kuonyesha alama ya kuungua, chini kumeganda: uliunga vitunguu na nyanya, ukatia maji bila kukwangua. Kwangua kwa mwiko wa mbao kabla ya kufunga. Vua kifuniko kidogo cha valvu upande wa ndani kila wiki na kukiosha. Huko ndiko maganda ya maharage hukaa.

Gesi ibaki na ugali, mboga na chai ya haraka

Maharage yakishaondoka, mtungi wa kilo 6 unapumua. Ugali wa watu sita, kuanzia kuchemsha maji hadi kusonga, ni dakika 25 na gramu 75 hivi za gesi. Mara mbili kwa siku ni gramu 150, mtungi unafika siku 40 kwa ugali peke yake. Ukirudisha maharage kwenye gesi, kila mlo unakula kama gramu 250. Milo 17 ni kilo 4 na robo, zaidi ya theluthi mbili za mtungi.

REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na ni jambo jema, ila ruzuku humaliza kazi siku ya kwanza. Kujaza tena ni juu yako. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje ya nchi (ya Songo Songo ni gesi asilia, haiingii kwenye mtungi huu), kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani hadi Kigoma. Weka pembeni pesa ya kujaza kila siku: bei ya kujaza gawa kwa siku ambazo mtungi hukaa kwako, tia kwenye kopo.

Dukani dai mzani. Kwenye shingo ya mtungi kuna uzito wa mtungi mtupu. Pima mtungi, toa uzito huo, kibaki kilo 6. Nyumbani simamisha mtungi wima, mahali penye hewa, mpira usizidi mita moja na nusu. Jaribu viungio kwa povu la sabuni kila unapobadilisha. Mapovu yakikua, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu fungua mlango, usiguse swichi yoyote.

Umeme ukikatika au ukiwa hafifu

Kigoma kwa miaka mingi iliwashwa kwa mashine za dizeli, na hatua ya kuletewa gridi ni kubwa. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na Malagarasi limepangiwa megawati 49.5. Lakini umeme wa maji hufuata mvua, kama mgawo wa 2022 na 2023 ulivyoonyesha, na laini ndefu huishiwa nguvu njiani. Volti ikishuka hadi 180, jiko la wati 1,000 hutoa kama 610 tu. Halijaharibika. Pika maharage saa nane mchana, kabla ya saa moja jioni ambapo kila nyumba huwasha.

Ukikatika presha ikiwa imeshapanda, usifungue. Liache dakika 40, joto la ndani litaendelea kuivisha. Kama bado, hamishia kwenye jiko la kikapu: kikapu kikubwa, blanketi kuukuu pande zote na juu, sufuria ya kawaida iliyochemka dakika 15 ikiwa na mfuniko. Baada ya saa mbili chemsha tena kabla ya kula.

Kwa nyumba isiyo na umeme, jiko banifu la udongo na kikapu hicho hupunguza mkaa kwa kiasi kikubwa, na loweka maharage siku zote. Jiko la mkaa lolote lisiingizwe chumba cha kulala kupasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Mama lishe na shule wana hesabu nyingine. Mama lishe wa sahani 40 achukue majiko mawili ya presha badala ya moja kubwa, ili moja likiharibika mchana asifunge biashara, na ahesabu kwa bei ya T1. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku, ambazo serikali imeziagiza ziache kuni na mkaa, zisianze na tenda ya mitungi. Zianze na daftari lilelile la siku saba, zikitenganisha maharage na ugali, maana kwenye sufuria ya lita 200 kosa la kuchanganya hivyo viwili ni la mamilioni.

Kama volti iko chini kila jioni, andika vipimo vya saa nane mchana na saa mbili usiku kwa siku saba, kwa kipima volti kidogo cha kuchomeka, pamoja na namba ya mita na ya nguzo iliyo karibu. Ipeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya ukiwa na majirani watatu wenye vipimo vyao. Fundi akiona nyumba nne za laini moja zinashuka saa ileile, ataanza kukagua transfoma badala ya kukuuliza soketi yako ilifungwa na nani.